Maisha ya Elkana Tarus na Ule Mlango wa Doornfontein

Mchungaji na wahudumu wa kanisa, wazee wa jumuiya ya Wakenya hapa Johannesburg, ndugu mliosafiri kutoka Kapkatet na Nairobi, majirani wa Troyeville, nanyi vijana mliojaa pale nyuma na tisheti zenye picha ya marehemu, historia hii inasomwa na Chepngetich, dada yake wa kufuatana naye, kwa niaba ya mjane, watoto na familia nzima. Anayefuatisha kwenye kijitabu cha ibada ataona kwamba maneno hayalingani na ya ukurasa wa nne, kwa sababu ukurasa huo uliandikwa na kamati ya mazishi, ambayo ilisema marehemu "alijishughulisha na mambo ya burudani", na kwamba mwaka 2007 "alipumzika kwa sababu za kiafya". Mjane alipousoma aliukunja, akausukuma mbali na sahani yake, akasema, "Huyu si mume wangu. Hiki ni kinyaa. Andikeni upya." Basi imeandikwa upya, na kijitabu mnaweza kukifunga.

Marehemu Elkana Kipng'eno Tarus alizaliwa tarehe 3 Machi 1973 huko Kapkatet, katika iliyokuwa wilaya ya Kericho, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Jeremiah arap Tarus, aliyekuwa dereva wa lori la majani chai, na Mama Rael Tarus. Tangu utotoni alikuwa mwepesi wa kuona kinyaa, hakunywa maziwa yenye utando, hakukubali kikombe kilichofutwa kwa pindo la nguo, na siku ya harusi ya binamu yetu alishinda na njaa kutwa nzima kwa kuwa alimwona mpishi akionja mchuzi na kurudisha mwiko sufuriani. Nyumbani tulimcheka, tukadhani ni madeko, kumbe ndiyo tabia itakayomponza ukubwani.

Alisoma Shule ya Msingi ya Kapkatet kuanzia mwaka 1980 hadi 1987, kisha shule ya upili ya wavulana mjini Nakuru kuanzia 1988 hadi 1991, ambako alipewa ngoma ndogo katika bendi ya shule, akaipiga mbio kiasi kwamba kwenye gwaride la Madaraka la mwaka 1990 bendi nzima ilipita mbele ya wageni wa heshima ikiwa inakaribia kutimka, na mwalimu wa bendi akamwuliza mbele ya wote, "Tarus, hawa wenzako wanapiga saluti au wanatoroka polisi?" Alinyang'anywa ngoma siku hiyo hiyo. Mwaka 1993 alijiunga na chuo cha ufundi jijini Nairobi, akapata stashahada ya elektroniki mwaka 1995, na tarehe 19 Januari 1996, baada ya safari ya barabara ya siku tisa, aliingia Johannesburg kuendelea na masomo ya umeme na sauti huko Doornfontein, akapanga chumba Jeppestown, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma.

Ili kujikimu alitengeneza amplifaya na redio za magari, na ni katika kazi hiyo, mwezi Agosti 1997, ndipo mteja mmoja alipomwachia redio yenye kaseti iliyokwama ndani, kaseti ya muziki kutoka Uingereza unaoitwa drum and bass. Kwa wazee ambao hamkuwahi kuusikia, ni muziki wa ngoma zilizokatwakatwa na kuungwa upya, zikaharakishwa hadi mapigo mia moja na sabini kwa dakika, na chini yake besi nzito inatembea taratibu, kana kwamba ina safari yake na haina habari na fujo iliyo juu. Marehemu aliitoa ile kaseti, akaisafisha kwa pamba na spiriti, akaisikiliza mara sita, kisha akaandika barua nyumbani kwamba amesikia mtu akipiga ngoma kwa mwendo ule ule aliofukuziwa bendi, na watu wanamlipa.

Wakati huo rafiki yake mkubwa alikuwa Bwana Njoroge, mwanafunzi wa biashara, ambaye mnamfahamu wote, mtu mcheshi, aliyeweza kuzungumza na mlinzi yeyote mpaka geti likafunguka. Wawili hawa walikodi chumba juu ya karakana za Doornfontein, na Jumapili tarehe 7 Juni 1998, saa nane mchana, wakafungua kikao walichokiita Jumapili ya Besi, wakahudhuria watu kumi na mmoja, wawili kati yao wakiwa wamedhani ni ibada. Elkana alipiga santuri kwa saa nne bila kuinua kichwa, na jina la Kip likaanzia hapo, kwa kuwa Njoroge aliona jina zima halitaenea kwenye bango. Kufikia mwaka 2000 foleni ilikuwa ikizunguka kona, watu wakitoka Soweto, Pretoria na hata Durban, na hakuna anayeujua muziki huu katika jiji hili atakayekana kwamba marehemu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuupiga hapa, na wa kwanza tunayemjua kuutunga kwa sauti za hapa hapa.

Maana hakutaka kuiga Waingereza. Alishuka ghorofa ya chini kwa rafiki yake Gradi, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, akarekodi cherehani yake ikishona jinzi, akarekodi miluzi ya madereva wa teksi na milio ya vyuma karakanani kwa mwenye nyumba wake, akavikata vipande vidogo vidogo na kuvipanga, na kazi hiyo, iliyotoka mwezi Mei 2001 kwa jina la Robot Nyekundu, maana jiji hili taa za barabarani huziita robot, ndiyo iliyomfungulia njia ya London, Berlin na Nairobi, na ndiyo iliyomfanya mhariri wa jarida moja la Ulaya aandike kwamba besi ya Kip inasikika kama mji wenyewe ukisaga meno. Alikuwa mgumu katika kazi, hakumruhusu mtu aliyekula chipsi kugusa santuri, na alivaa fulana mbili kila kikao ili abadilishe katikati.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Lois Nyaboke, mhasibu wa benki, tarehe 14 Desemba 2002, katika kanisa hili hili, na msimamizi wa bwana harusi alikuwa Njoroge. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jerop, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 2003, na Kigen, aliyezaliwa tarehe 22 Julai 2006, ambao wanaelewa kila neno linalosomwa hapa, ingawa mkiwasalimu watawajibu kwa Kiingereza au Kizulu, na baba yao hakuwahi kuona hilo kuwa aibu.

Sasa tunafika pale ambapo kamati ilitaka turuke.

Jumatatu tarehe 24 Septemba 2007, siku ya mapumziko ya Urithi, Njoroge aliandaa kikao kikubwa cha mchana katika ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani cha nguo huko Doornfontein. Jengo lilikuwa na ngazi za mbele, na nyuma mlango mmoja wa chuma wenye ngazi za nje, na kwa sababu vijana walikuwa wakipenya kwa mlango huo bila tiketi, Njoroge aliufunga kwa mnyororo na kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Saa kumi na nusu mafuta ya muuza chipsi yaliwaka karibu na ngazi za mbele, moto ukazimwa upesi, lakini moshi ulikuwa umeshawatia watu hofu, wakakimbilia nyuma, waliotangulia wakaukuta mlango hauendi, na walio nyuma yao wakazidi kuja. Marehemu alikuwa upande wa pili wa ukumbi, nyuma ya ukuta wa spika, macho kwenye santuri. Njoroge alipanda jukwaani, akamwinamia sikioni, akamwambia, "Kip, usizime. Ukizima itakuwa fujo. Piga, piga tu, kila kitu sharp."

Akapiga. Alipiga dakika kumi na tisa zaidi, na katika dakika hizo aliweka Robot Nyekundu, kwa sababu aliwaona watu wanapunga mikono na akadhani wamefurahi. Aliyemzuia ni Gradi, aliyekuwa ameukata ule mnyororo kwa mkasi wa vyuma, akapenya katikati ya watu, akautupa mnyororo juu ya santuri iliyokuwa ikizunguka, spika zikatoa sauti ya kuraruka ambayo Elkana alisema hajawahi kuisikia kwenye mashine yoyote, na katika ukimya uliofuata Gradi akapiga kelele, "Ulikuwa unapiga nini, Kip? Kuko mutoto amekufa pa mulango!"

Aliyekufa alikuwa Zuhura, binti wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Tanga, msusi wa nywele Jeppestown, mtoto pekee wa Bi. Fauzia, mwenye spaza, kile kiduka cha mtaani, pale Troyeville ambako wengi wetu hununua mkate. Bi. Fauzia yuko nasi, ameketi na familia.

Jumatano tarehe 26 Septemba, Zuhura akiwa amezikwa siku hiyo hiyo, Njoroge aliwaita watu kumi na wawili nyumbani kwake, akachoma mbuzi. Marehemu alikwenda akidhani wanakwenda kupanga namna ya kumwona mama wa Zuhura. Alimkuta Njoroge amekunja mikono ya shati, anakata mbavu, mafuta yanamtiririka hadi kwenye kiwiko, na huku anatafuna akawaambia, "Tukubaliane tu, mlango ulikuwa wazi, watu walisukumana. Yule msichana hata karatasi za kukaa hapa hakuwa nazo, kesi itaoza yenyewe." Hakuna aliyepinga. Mtu mmoja, ambaye yumo humu ndani leo, aliuliza kama kachumbari imebaki. Elkana alitoka, akafika getini, akatapika mpaka akapiga magoti, na kutoka siku hiyo hadi anakufa hakuonja tena nyama choma, na katika sherehe zetu mlipomsihi na kumcheka kwamba amekuwa Mhindi, hakuwaambia sababu.

Asubuhi yake alikwenda kwa Bi. Fauzia, akavua viatu mlangoni, akaketi mkekani na wanaume waliokuja kuhani, na nafasi ilipopatikana akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa nikipiga muziki."

Bi. Fauzia akamtazama. "Wewe ndiye ulofunga mlango?"

"Hapana, mama. Lakini namjua aliyeufunga."

"Basi usinambie mimi, mimi nishamzika mwanangu. Nenda kaseme kule wanakoandika."

Alikwenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo, akaandikisha maelezo ya kurasa nne, na Gradi akaandikisha yake na kukabidhi mnyororo. Kilichofuata, familia inakitaja kwa kichefuchefu. Mabango yaliyokuwa na jina la Kip yalibandikwa mengine juu yake, simu zake hazikupokelewa, na walioanza kupiga muziki kwa kufundishwa naye wakajifanya hawakumwona kwenye robot. Jumapili tarehe 25 Mei 2008, katika yale majuma ambayo wageni walikuwa wakifukuzwa na kuchomwa moto katika vitongoji vya jiji hili, wazee watatu wa kanisa walikwenda nyumbani kwake, wakaomba dua, wakanywa chai, kisha mmoja wao akasema, "Ndugu Tarus, mwaka kama huu, wageni tunawindwa, wewe unampeleka mgeni mwenzako kortini?"

Elkana akawajibu, "Zuhura naye alikuwa mgeni."

Wakaondoka bila kumaliza chai, na yeye akavichukua vile vikombe vitatu, akavitupa kwenye pipa la takataka, na Lois, ambaye alikuwa amevinunua kwa ajili ya harusi, hakumzuia.

Na kwa kuwa historia hii haitamficha mtu, haitamficha anayeisoma. Wiki hiyo hiyo Chepngetich alimpigia simu kutoka Nakuru, baada ya kusikia maneno ya jumuiya, akamwambia kaka yake, "Achana na aliyekufa, angalia watoto wako. Sema hukuona kitu, hata si uongo, hukuona." Elkana akasema, "Hata wewe?" na simu ikakatika. Hawakuzungumza tena kwa miezi kumi na minne, na msomaji huyu anapoikumbuka sauti yake mwenyewe ya siku ile, anajionea kinyaa.

Tarehe 17 Machi 2009, siku ya Jumanne, marehemu alisimama kizimbani akaeleza habari za mnyororo, ufunguo na maneno aliyoambiwa sikioni. Wakili wa Njoroge alimwuliza kwa kejeli kama si yeye aliyewachezesha watu mtu akifa, naye akajibu kwamba ndiyo, kwa dakika kumi na tisa, amezihesabu. Hakimu akamwuliza kama alijua kinachotokea. Akasema, "Sikujua, mheshimiwa. Lakini sikuuliza." Watu wengine tisa walioitwa kutoa ushahidi, wengi wao washirika wa kanisa hili, walisema hawakumbuki kama mlango ulikuwa na mnyororo. Tarehe 30 Juni 2009 Njoroge alikutwa na hatia ya uzembe uliosababisha kifo, akapewa kifungo cha nje cha miaka mitatu, na Jumamosi iliyofuata, katika ukumbi wa kanisa hili, ikafanywa harambee ya kumfariji, kukaimbwa na kupigwa vigelegele, na mbuzi wakachomwa tena. Kwa mama wa Zuhura, aliyekuwa mitaa mitatu kutoka hapo, hakwenda mtu.

Kuanzia tarehe 1 Februari 2010 hadi alipougua, marehemu aliajiriwa kuwa fundi wa sauti katika chuo kimoja cha Doornfontein, akafundisha mamia ya wanafunzi kuunga nyaya na kusikiliza, na kwa miaka mitatu na nusu ya kwanza hakupiga santuri mbele za watu. Aliporudi, mwezi Julai 2013, alirudi kwa sharti moja aliloliandika katika kila mkataba, kwamba kabla ya kugusa mashine atazunguka jengo zima na kufungua kila mlango kwa mkono wake mwenyewe, na ukifungwa mmoja baadaye, anazima. Waandaaji walimcheka, wakamwita DJ wa Milango, na mara tatu, Cape Town, Berlin na hapa hapa mjini, alizima kweli, akafunga mikoba yake akaenda zake huku ukumbi mzima unazomea. Leo vijana wanaoandaa vikao vya muziki huu katika jiji hili wana mtu wa kusimamia milango, kila kikao, na hao mnaowaona nyuma wameketi karibu na mlango si kwa kukosa viti.

Mwaka 2014 alitoa kazi yake ya mwisho kubwa, Dakika Kumi na Tisa, ambayo wajuzi wanaihesabu kuwa bora kuliko zote alizotunga. Nakala ya kwanza alimpelekea Bi. Fauzia, akaisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, muziki wako huu waniumiza kichwa. Lakini kaa, unywe chai." Na kila Septemba alikwenda kunywa chai hiyo.

Marehemu alianza kuumwa tumbo mwezi Juni 2024, akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho tarehe 14 Agosti 2024, akapasuliwa mwezi Oktoba, akapata nafuu, akarudi darasani, na mwezi Machi mwaka huu hali ikabadilika. Jumapili tarehe 4 Mei 2025, saa tisa alasiri, Njoroge aliingia wodini bila kualikwa, akifuatana na mtu mwenye simu, akauchukua mkono wa mgonjwa akaushika kati ya mikono yake miwili, akainamisha kichwa, akapigwa picha, na kabla hajafika kwenye gari picha ilikuwa imesambaa, ikisema mwanzilishi wa Jumapili ya Besi amemtembelea mdogo wake. Elkana hakuwa na nguvu ya kuuvuta mkono. Njoroge alipoondoka, Elkana alimtazama mkewe, akasema, "Lois, niletee maji na sabuni." Lois akamnawisha, akamfuta, mgonjwa akaomba tena, akamnawisha mara ya pili.

Alirudishwa nyumbani Troyeville tarehe 2 Juni, na Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne na robo asubuhi, akiwa na mkewe, watoto wake wote wawili na Gradi, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, miezi mitatu na siku nane.

Mabango mliyoyaona njiani mkija, yenye uso wa marehemu na jina la Njoroge, yakitangaza tamasha la kumkumbuka kesho mchana, yametolewa bila idhini ya familia, na familia haitahudhuria. Aidha, kwenye ratiba, chini ya salamu za rafiki, limeandikwa jina la mtu huyo huyo. Salamu hizo hazitatolewa, na Mchungaji ameshaarifiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, hasa muuguzi Jeanne, aliyeweka kiti mlangoni baada ya ile Jumapili asiingie tena asiyetakiwa. Inawashukuru majirani wa Troyeville, walimu na wanafunzi wa Doornfontein, na wapigaji wenzake waliobeba jeneza toka nyumbani hadi hapa bila kukubali gari. Inamshukuru Gradi, ambaye karakana yake imefungwa tangu siku ya msiba, na Bi. Fauzia, aliyelala kwetu siku kumi akimpikia mjane uji. Wazee wa kanisa mliokuja na ubani wenu, familia imeupokea, na itaufikisha mahali unapostahili, hapo mitaa mitatu.

Mama Rael, ambaye miguu haikumruhusu kusafiri, alipiga simu asubuhi hii, akasomewa yote mliyoyasikia, nasi tukamwuliza kama kuna la kupunguza. Akasema, "Hakuna. Na msimwache huyo mtu ashike udongo wa mwanangu."

Elkana, kaka yetu, tumesema. Mungu akulaze mahali pasafi.